Ada ya Shule Binafsi: Nani Hulipiwa, na kwa Kipimo Gani

Ufadhili wa ada katika shule binafsi hutolewa kwa misingi miwili. Wa kwanza ni ufaulu: mwanafunzi hulipiwa kwa kuwa amefanya vizuri katika mtihani, au ana kipaji cha michezo au sanaa ambacho shule inakitaka, na hakuna anayeuliza baba yake ana mashamba mangapi. Wa pili ni uhitaji: shule au mfadhili huchunguza hali ya kaya, hukadiria kiasi ambacho familia inaweza kutoa bila kulala njaa, kisha hulipa kilichobaki. Msaada wa namna hii unaweza kuwa wa ada yote, nusu yake au robo tu. Shule nyingi huichanganya misingi hiyo: mtihani huamua nani anaingia, na hali ya nyumbani huamua alipe kiasi gani.

Tofauti kati ya misingi hii miwili ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye tangazo. Ufadhili wa ufaulu peke yake huelekea kuwafikia watoto ambao tayari wamesoma vizuri, na aghalabu hao ni watoto wa wazazi waliokuwa na uwezo wa kuwasomesha vizuri tangu mwanzo. Shule ya Eton nchini Uingereza ilianzishwa na Mfalme Henry VI mwaka 1440 kwa ajili ya wanafunzi maskini 70 waliosoma bila malipo. Nafasi zile 70 zipo mpaka leo, lakini zikaja kuwa za kushindaniwa kwa mtihani, na kadiri karne zilivyopita zikachukuliwa kwa wingi na watoto wa wenye nacho. Kipimo kilipohama kutoka uhitaji kwenda ufaulu, maskini walitoka mlangoni bila mtu kuwafukuza.

Katika Tanzania ya sasa, mjadala wa ada za shule binafsi hauwezi kutenganishwa na elimu bila ada ya shule za serikali. Ada ya shule za msingi iliondolewa mwaka 2001. Januari 2016 ikafuata ya kidato cha kwanza hadi cha nne, ambayo ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 70,000 kwa wa bweni. Kidato cha tano na sita vikaingizwa katika mwaka wa fedha 2022/2023. Kwa hiyo mzazi anayeomba msaada wa ada leo halinganishi shule ghali na shule rahisi. Analinganisha shule ya kulipia na shule isiyodai ada kabisa, ingawa sare, madaftari na michango ya chakula bado vinamsubiri. Mtoto anayekosa ufadhili wa shule binafsi hajakosa elimu, na jambo hilo linafaa kusemwa wazi, kwa sababu zipo familia zilizouza shamba kwa kuamini kwamba shule ya kata si shule.

Hata hivyo, sababu za kutafuta nafasi katika shule binafsi zipo, na si za anasa. Katika tarafa ya Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki wilayani Muheza, vijiji vimetawanyika kwenye miteremko na mabonde yaliyotenganishwa na misitu na mashamba ya chai. Mtoto wa Kwezitu, Zirai au Misalai anaweza kutembea mwendo mrefu kila asubuhi kufika sekondari ya kutwa, na wakati wa masika njia zenyewe huwa tope. Kwa msichana hasa, bweni lenye usimamizi huweza kuamua kama atafika kidato cha nne. Wengine hutafuta malezi ya dini, au shule inayofundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza ili sekondari isiwe ngeni. Lakini shule nyingi za aina hiyo ziko Muheza mjini, Tanga, Korogwe na Lushoto. Muheza iko takriban kilomita 35 kutoka Amani. Basi la shule halipandi huko kila alfajiri, kwa hiyo kwa mtoto wa Amani shule binafsi maana yake karibu kila mara ni bweni, na bweni huongeza gharama. Ufadhili wa ada ya kutwa pekee, unaomtosha mtoto wa Chumbageni mjini Tanga, haumsaidii yule wa milimani.

Pwani haikuanza jana kuwasomesha watoto wa wasio na uwezo. Chuo cha Kurani kiliendeshwa kwa sadaka za wazazi, zaka, na wakfu wa minazi, nyumba na mashamba ambayo mapato yake yalitengwa kwa ajili ya msikiti na elimu. Msikiti wa Riyadha kule Lamu, ulioanzishwa na Habib Saleh, ulipokea wanafunzi kutoka sehemu nyingi za Afrika Mashariki, wakila na kulala hapo bila kutozwa. Kwa upande wa wamisionari, Waanglikana wa UMCA waliojenga kituo cha Magila, ambacho wenyeji hukiita Msalabani, karibu na Muheza, waliwapeleka vijana wao wateule Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, Zanzibar. Chuo hicho, kilichowasomesha wavulana waliookolewa kutoka utumwani, kiliendeshwa kwa michango ya waumini wa Uingereza. Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1949 kwa ufadhili wa serikali ya kikoloni.

Baada ya Sheria ya Elimu ya 1969 serikali ilizichukua shule nyingi za mashirika ya dini, na kwa muda suala la ada za binafsi likapungua uzito. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 ndiyo iliyofungua mlango kwa upana, na kuanzia hapo mashirika ya dini, jumuiya na watu binafsi wakajenga shule kwa kasi. Ada zikapanda pamoja na shule. Mwaka 2016 serikali ilizungumzia kuweka ada elekezi, kisha ikaachana na mpango huo na kuwaachia wamiliki na wazazi waelewane. Tangu hapo, njia pekee ya mtoto wa kaya ya kipato kidogo kuingia katika shule ya ada kubwa ni mtu mwingine kulipa.

Mtu huyo mwingine ni nani? Mara nyingi ni wazazi wa watoto wengine wa shule ileile: ada wanayolipa wenye uwezo inazidi kidogo gharama halisi, na ziada hiyo inafidia punguzo la wachache. Njia hii ni ya haraka, lakini mwaka ambao wazazi wengi wamechelewa kulipa, mhasibu huanza kwa kukata punguzo. Chanzo cha pili ni mfadhili wa mtoto mmoja mmoja, mara nyingi mtu wa nje ya nchi au mwanakijiji aliyefanikiwa Dar es Salaam. Msaada wake huwa wa moyo wa kweli, lakini unategemea afya, ajira na uhai wa mtu mmoja. Akistaafu mtoto akiwa kidato cha tatu, hakuna wa kumdai. Chanzo cha tatu ni dayosisi, parokia, msikiti au taasisi ya hisani yenye mfuko wa wote. Cha nne, na kilicho imara kuliko vyote, ni mtaji uliotengwa ambao hauguswi, hutumiwa mapato yake tu. Huu ndio utaratibu wa wakfu ambao pwani imeujua kwa karne nyingi, na ndio unaoziwezesha shule kongwe za Ulaya kusomesha watoto kwa vizazi. Inasikitisha kwamba shule binafsi nyingi nchini, za dini na zisizo za dini, zimejenga mabweni na makanisa na misikiti bila kutenga hata shamba moja la mkonge au nyumba moja ya kupangisha kwa ajili ya ada za watoto wasio na uwezo.

Zaka inastahili kutajwa peke yake, maana katika mkoa wenye Waislamu wengi kama Tanga ni mfumo wa kupima uhitaji uliotangulia fomu zote. Anayetoa hupimwa kwa nisabu, yaani kiwango cha mali ambacho kikifikiwa na kupitiwa na mwaka, zaka inakuwa wajibu. Anayepokea hupimwa kwa kuwa mmoja wa makundi manane yaliyotajwa, wakiwamo mafakiri, maskini na wenye madeni. Kipimo hicho hakiangalii siku moja. Kinaangalia mwaka mzima, na kinauliza mtu anamiliki nini pamoja na anadaiwa nini. Hekima hiyo ndiyo hasa inayokosekana katika fomu nyingi za kuombea msaada wa ada.

Hapo ndipo penye ugumu wote. Ufadhili wa uhitaji ni mzuri kadiri kipimo chake kilivyo kizuri, na kupima kipato cha kaya ya Amani si kazi ya kujaza kisanduku kimoja chenye maneno “mshahara kwa mwezi”. Tangu Wajerumani walipoanzisha taasisi yao ya utafiti wa kilimo na baiolojia hapo Amani mwaka 1902, milima hiyo imekuwa na kaya za aina mbili zinazoishi jirani. Moja ina mtu wa mshahara: mtumishi wa utafiti, mwalimu, muuguzi, ofisa wa hifadhi. Nyingine inaishi kwa iliki, mdalasini, pilipili manga, karafuu, ndizi, maziwa na kibarua cha kuchuma chai.

Ya kwanza ina hati ya mshahara. Ya pili haina karatasi yoyote. Fomu ikiamini karatasi tu, mwalimu wa shule ya msingi mwenye makato ya mkopo na wazazi wawili wazee wa kuwatunza ataonekana tajiri, na mwenye duka la jumla asiyeandika hesabu ataonekana fukara. Kosa hilo huumiza kwa njia mbili: huwanyima wa kati ambao kwa kweli hawawezi kulipa ada yote, na huwapa nafasi wanaojua kuficha.

Kipato cha shamba nacho hakitulii. Karafuu huzaa sana mwaka mmoja na kidogo mwaka unaofuata. Machungwa ya Muheza hufurika sokoni kwa wakati mmoja, bei ikaanguka. Upo pia mfano wa vipepeo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakulima wa Usambara Mashariki walianza kufuga vipepeo na kuuza mabuu yaliyojifunga kwa maonyesho ya Ulaya na Marekani, na fedha hizo zikawa sare na ada katika nyumba nyingi. Mwaka 2016 serikali ilipopiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, chanzo hicho kilikatika ghafla. Kaya iliyopimwa mwaka 2015 na kuonekana inajiweza ilikuwa kaya nyingine kabisa mwaka uliofuata. Fidia nayo hupotosha: wakulima walioachia mashamba yao ya iliki ili msitu wa Derema uunganishwe na misitu jirani walilipwa kwa mkupuo. Fungu la namna hiyo likiingia kwenye fomu kama “kipato cha mwaka”, kaya itahesabiwa imetajirika, ilhali imepoteza shamba lililokuwa likiilisha miaka yote.

Ndiyo maana wapimaji waangalifu hawaulizi fedha peke yake. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaosimamiwa na TASAF ni mfano ambao wanavijiji wengi wameuona kwa macho yao. Kwanza mkutano wa kijiji hutaja kaya zilizo maskini sana. Kisha wadodosaji hupita nyumba kwa nyumba wakiuliza mambo yanayoonekana: paa ni la bati au la makuti, sakafu ni ya udongo au saruji, kuna mifugo gani, watu wangapi wanalala humo, wangapi wanaweza kufanya kazi. Majibu huchakatwa kwa kompyuta, na orodha hurudi kijijini kuthibitishwa. Shule haihitaji mtambo mkubwa hivyo, lakini kanuni ni ileile: vitu vinavyoonekana hudanganya kidogo kuliko tarakimu za mdomo, na majirani wanajua zaidi ya mhuri.

Shule ya St Jude jijini Arusha inafuata njia hiyo. Ilianzishwa mwaka 2002 na Gemma Sisia, mwanamke kutoka Australia, ikiwa na wanafunzi 3, na leo inasomesha takriban 1,800 bila ada, kwa michango ambayo sehemu kubwa hutoka Australia. Mtoto hupita kwanza mtihani, lakini ufaulu haumwingizi moja kwa moja. Familia huleta nyaraka, kisha watumishi wa shule huenda nyumbani kwake kuona anavyoishi. Starehe ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1959 na Geoffrey Griffin pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, imejijenga kwa wazo la kwamba mvulana mwenye akili asiye na kitu asome bure, na mwenye uwezo kidogo alipe kidogo. Kwa pwani, Aga Khan Academy ya Mombasa, iliyofunguliwa mwaka 2003, huwatafuta watoto wenye vipaji katika shule za msingi za serikali za kaunti za pwani ya Kenya na kuwapa nafasi katika shule ambayo wazazi wao wasingethubutu hata kuuliza ada yake. Jambo la kujifunza hapo ni nani anayeanza. Shule inayongoja maombi hupata waombaji wenye habari. Shule inayokwenda darasani kuwatafuta hupata pia yule ambaye mwalimu wake pekee ndiye anayejua kwamba ana akili.

Hesabu yenyewe hufanywaje? Mfano wa kubuni utaeleza. Shule ya bweni inatoza shilingi 2,400,000 kwa mwaka. Kaya ya watu 6 ya milimani inapata 2,600,000 kwa viungo, 1,400,000 kwa maziwa na 800,000 kwa kibarua cha chai, jumla 4,800,000. Gharama za shamba na ng’ombe ni 900,000, kwa hiyo kinabaki 3,900,000. Shule imejiwekea kwamba kila mtu anahitaji angalau 450,000 kwa mwaka kwa chakula, matibabu na mavazi, yaani 2,700,000 kwa watu 6. Kinachobaki ni 1,200,000, na kanuni ya shule inamtaka mzazi atoe nusu ya masalio hayo, 600,000. Hiyo ni robo ya ada. Msaada utakuwa 1,800,000, sawa na asilimia 75.

Hesabu hiyo ni ya haki hadi mzazi anapofungua fomu ya kujiunga. Humo kuna godoro, tranka, ndoo, shuka, sare mbili, viatu, vifaa vya usafi, fedha ya tahadhari, mitihani ya kujipima, na nauli ya kwenda na kurudi kila likizo. Ikifika 450,000, mzazi atakuwa ametoa 1,050,000 kati ya 1,200,000 aliyobaki nayo, na kimebaki 150,000 kwa mwaka mzima wa dharura za watu 6. Ng’ombe mmoja akifa, mtoto anarudi nyumbani. Wengi wa wanaoacha shule wakiwa na ufadhili hawaangushwi na ada. Wanaangushwa na hivi vitu vidogo. Kwa sababu hiyo mpango wa Wings to Fly wa Kenya, ulioanzishwa mwaka 2010 na taasisi ya Equity pamoja na Mastercard Foundation, unalipia sare, mahitaji ya bweni na nauli pamoja na ada, na waombaji wake huchujwa na kamati za wenyeji zenye viongozi wa dini na wa elimu. Msaada mdogo unaotimia unafaa zaidi kuliko ahadi kubwa yenye tundu.

Wakati wa kulipa nao ni sehemu ya msaada. Shule hufungua Januari na kutaka awamu ya kwanza mlangoni, wakati mfuko wa mkulima unafuata msimu wa mazao. Familia za maziwa zinazopeleka kwenye vituo vya ushirika na kulipwa kwa vipindi zinaweza kugawa malipo. Familia ya karafuu haiwezi. Shule inayokubali kulipwa baada ya mavuno haijatoa shilingi hata moja, na bado imemsaidia mtoto kubaki darasani. Nyingine huwarudisha watoto nyumbani katikati ya muhula kwa deni dogo. Kwa mtoto wa Amani safari hiyo ya kufuata ada inakula siku mbili za masomo na nauli ambayo ingepunguza deni lenyewe.

Masharti ya kuendelea kufadhiliwa yanahitaji kusomwa kabla ya kusaini. Mengi hudai wastani fulani wa alama, na wastani huo huwekwa kwa kuwaangalia wanafunzi waliosoma Kiingereza tangu chekechea. Mtoto aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili huhitaji mwaka mmoja au zaidi kuizoea lugha. Kumnyang’anya ufadhili kwa alama za muhula wa kwanza ni kumwadhibu kwa umaskini uleule uliomstahilisha kusaidiwa. Sharti la haki hupima maendeleo ya mtoto mwenyewe na kumpa muda wa kurekebisha. Vivyo hivyo kwa heshima yake: majina ya wanaofadhiliwa hayafai kusomwa paredi, wala wao peke yao kupewa kazi za jikoni kama malipo. Kazi za mikono zikiwapo, ziwe za wote.

Katika nchi nyingine serikali zimejaribu kuingilia kati. Uingereza ilikuwa na mpango, uliotokana na sheria ya 1980, wa kulipia watoto ada za shule binafsi kulingana na kipato cha wazazi. Serikali ya chama cha Labour iliufuta mwaka 1997, ikisema fedha ziende kupunguza msongamano katika madarasa ya shule za umma. Sheria ya India ya 2009 inazitaka shule binafsi kutenga asilimia 25 ya nafasi za darasa la kwanza kwa watoto wa kaya duni, serikali ikirudisha gharama. Uganda, ilipoanza elimu ya sekondari kwa wote mwaka 2007, ilizilipa shule binafsi kwa kila mwanafunzi, kisha ikaanza kujiondoa mwaka 2018. Kenya imegawa basari kwa miaka mingi kupitia mfuko wa maeneo bunge, ambao Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha katiba Septemba 2024. Udhaifu wake ulijulikana: fedha hukatwa vipande vidogo ili kila mwombaji aonekane amepata, na hakuna kipande kinachofika kwenye ada nzima. Tanzania haina mpango wa taifa wa kulipia ada za shule binafsi za msingi na sekondari. Mashirika kama CAMFED, lililoanza kazi nchini mwaka 2005, huwasaidia wasichana hasa walio katika shule za serikali. Kwa maoni ya wengi wanaojali elimu ya vijijini, na ni maoni yenye uzito, fedha za umma zikae huko kwanza.

Mzazi anayetafuta msaada katika shule binafsi huanza mapema, mtoto akiwa bado darasa la sita au mwanzoni mwa la saba, kwa kuwa mafungu hugawanywa kabla ya matokeo ya mtihani wa taifa kutoka. Swali la kwanza kwa mkuu wa shule ni rahisi: je, shule ina fungu la kusaidia ada, linatolewa kwa ufaulu au kwa hali ya kaya, na hudumu mwaka mmoja au hadi mtoto amalize? Mara nyingi fungu lipo bila tangazo. Parokia, dayosisi na taasisi za Kiislamu zinafaa kuulizwa sambamba, hata kama shule yenyewe haina kitu.

Nyaraka zinazotakiwa zinafanana karibu kila mahali: cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, matokeo ya shule, barua ya mtendaji wa kijiji inayothibitisha makazi na hali ya kaya, uthibitisho wa kuwa mnufaika wa TASAF kama kaya imo, cheti cha kifo kwa mtoto aliyefiwa na mzazi, na uthibitisho wa daktari pale penye ulemavu au ugonjwa wa kudumu. Barua ya mtendaji ina nguvu zaidi ikitaja mambo badala ya kulia shida. “Kaya ina watu sita, ekari moja na nusu ya viungo, ng’ombe mmoja, na bibi mgonjwa” humsaidia mpimaji kuliko “familia hii ni duni sana”. Kipato kielezwe kwa mwaka na kwa msimu, madeni yatajwe, na kisifichwe kitu ambacho mgeni atakiona akifika nyumbani, kwani uongo mmoja ukibainika hufuta hata yaliyo kweli. Anayedai fedha kwa simu ili “kufuatilia ufadhili” ni tapeli. Fomu ya shule ikiuzwa, hununuliwa ofisini kwa stakabadhi.

Ahadi ikitolewa, iandikwe. Barua itaje kiasi, muda, kinacholipiwa na kisicholipiwa, masharti ya kuendelea, na nini kitatokea mfadhili akijitoa katikati. Shule nzuri huweka akiba ndogo kwa ajili ya hali hiyo, angalau ya kumfikisha mwanafunzi kwenye mtihani wa kidato cha nne.

Kazi ya barua hiyo haiishi siku ya mahafali. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi Julai 2005, hupima uwezo wa mwombaji, na mwombaji aliyefadhiliwa masomo ya sekondari au stashahada hutakiwa kuthibitisha ufadhili huo kwa maandishi. Asipokuwa na uthibitisho, miaka minne ya shule ya ada kubwa huweza kusomeka kama dalili kwamba wazazi wanajiweza, na mkopo ukapungua au ukakosekana. Kijana wa Kwezitu aliyelipiwa asilimia 75 na parokia anahitaji karatasi ya kulisema hilo, yenye jina la mfadhili, miaka aliyomlipia, saini na mhuri. Iombwe wakati mfadhili bado anapatikana na mhasibu bado anakumbuka, nakala moja ibaki shuleni na nyingine nyumbani, pamoja na cheti cha kuzaliwa na stakabadhi za kila muhula.